Sakafu ya Vinaili Ikibanduka Besimenti, Gundi Nunua Mwisho

Aprili ikifika hapa Minnesota na theluji kuanza kuyeyuka, simu yangu hujaa picha za sakafu. Kona ya ubao wa vinaili, ile sakafu ya plastiki ya kubandikwa, imenyanyuka. Ubao mwingine umejikunja ncha zote mbili. Kwenye maungio pamejitokeza chumvi nyeupe, au gundi imechuruzika hadi juu, ikashika uchafu wa soksi na kuwa mstari mweusi. Chini ya picha kuna swali: fundi, hii niibandike kwa gundi gani?

Huwa najibu kwamba gundi inunuliwe mwisho. Najua jibu hilo linaudhi, kwa sababu mtu ana Jumamosi moja tu ya kupumzika na anataka aimalize kazi jioni hiyo. Lakini nimebandua sakafu nyingi zilizopakwa gundi mara ya pili huku tatizo la kwanza likiwa pale pale, na kazi ya kuzitengeneza ilikuwa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa mwanzoni. Ubao haujinyanyui wenyewe. Kuna kitu kinausukuma, na kwenye besimenti kitu hicho mara nyingi ni maji: yanayopanda kutoka chini ya zege, yanayoingia kutoka nje ya ukuta, au yaliyomo hewani.

Kwa mnaosoma mkiwa Nairobi au Mombasa, besimenti ni ghorofa nzima iliyo chini ya ardhi. Huku udongo huganda wakati wa baridi, na sheria za ujenzi za Minnesota zinataka msingi ushuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, ili barafu isiunyanyue. Mtu akishachimba kiasi hicho, anaona heri aongeze futi chache apate vyumba. Kwa jamii yetu ya Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vya Minneapolis, vyumba hivyo ndivyo vya wageni. Hapo ndipo hulala mdogo wako aliyekuja kusoma, mama aliyekuja kulea mjukuu, au binamu aliyefika mwezi jana na bado hajapata kazi. Watoto hutambaa hapo. Ndiyo maana siwezi kuuona ubao ulionyanyuka kama suala la urembo.

Tuanze na zege. Ukiitazama unadhani imeziba kabisa, kumbe ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na mvuke hupita humo mchana na usiku. Kwetu Kenya mafundi hutandika nailoni ya geji 1000 kabla ya kumwaga zege ili kuuzuia unyevu wa udongo. Nyumba nyingi za hapa zilizojengwa miaka ya 1950 na 1960 hazina nailoni hiyo. Zilikaa miaka na miaka bila shida kwa sababu zege ilikuwa wazi, au imepakwa rangi tu, au ina kapeti: mvuke ulipanda, ukatoka, ukachukuliwa na hewa, na hakuna aliyeujua. Siku mwenye nyumba alipobandika vinaili, ambayo ni plastiki, aliuzibia mvuke njia yake. Ukaanza kukusanyika chini ya mbao.

Unyevu huo hauji peke yake. Zege changa ina pH ya 12 hadi 13, yaani ukali wa alkali unaoweza kuunguza ngozi. Inapozeeka, ukali wa uso wake hupungua kwa kukutana na hewa, lakini unyevu unaopanda huurudisha ule ukali juu, na gundi nyingi za vinaili hazikutengenezwa kuuvumilia. Gundi hulainika, ikawa uji, ikapoteza mshiko. Maji yanapokauka huacha chumvi. Aliyekulia kwenye nyumba ya zamani ya Mombasa au Lamu anaijua chumvi hiyo, ile inayobambua plasta ukutani kila mwaka hata upake rangi ya bei gani.

Sasa inua ubao mmoja. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chagua ubao ambao tayari umelegea, upashe joto kwa draya ya nywele au kipuliza joto cha fundi kilichowekwa kwenye joto la chini, ingiza skrepa pana ukingoni na uisukume polepole. Usiuvute ukiwa baridi, vinaili baridi hukatika. Ukishatoka, ugeuze. Tazama mgongo wake, kisha tazama zege.

Gundi ikiwa imebaki yote kwenye zege, na mistari ya meno ya mwiko wa kupakia gundi bado imesimama vizuri bila kulazwa, basi aliyeweka sakafu alichelewa. Gundi ilikauka kabla ubao haujalala juu yake, au hakuna aliyepitisha rola nzito. Hapo maji huenda hayana hatia, na ukarabati ni mwepesi. Gundi ikiwa laini, inateleza kidoleni kama sabuni iliyolowa na ina harufu ya kitu kilichooza, huo ni unyevu na alkali. Ukikuta unga wa zege au ganda la kijivu limeng'ang'ania mgongoni mwa ubao, gundi ilifanya kazi yake na kilichoachia ni uso wa zege, au ile plasta nyembamba ya kusawazisha iliyopakwa juu yake. Ukikuta rangi ya zamani imetoka pamoja na gundi, umepata jibu: sakafu ilibandikwa juu ya rangi, na rangi ndiyo iliyobanduka.

Kuna kisa kingine kinachochanganya watu. Mbao zimesukumana zikapanda juu kwenye maungio, lakini chini pakavu kabisa. Ondoa skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, utazame ukutani. Mara nyingi utakuta mbao zimekatwa zikabana ukuta pande zote. Vinaili hutanuka kwa joto, na mtu akiwasha hita kubwa kwenye chumba kilichokuwa baridi, mbao hazina pa kwenda ila juu. Dawa yake ni kukata ukingo kidogo na kurudisha skatingi.

Mama mmoja mzaliwa wa Kisii aliniita akiwa ameshanunua ndoo ya gundi. Chumba cha mwanawe kilikuwa kimenyanyuka upande mmoja tu, karibu na dirisha.

"Mwanangu, gundi ya mwanzo ilikuwa ya bei rahisi, ndiyo maana," aliniambia.

"Mama, hebu gusa hapa kwanza."

Akagusa, akanusa kidole, akakunja uso. Tukatoka nje. Bomba linaloteremsha maji ya paa lilikuwa limekatika kipande cha chini, likimwaga yote kwenye kona ile ile ya msingi. Inchi moja ya mvua juu ya paa la futi za mraba 1,000 ni zaidi ya galoni 600, yaani lita 2,300 na zaidi, na sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa ikimwagika futi mbili kutoka kitanda cha kijana. Ndoo ya gundi tuliirudisha dukani. Pesa iliyorudi ilinunua bomba la kurefusha na udongo wa kuinulia kona.

Kwa hiyo kabla ya kupima chochote ndani, zunguka nyumba nje, tena wakati mvua inanyesha. Mifereji ya paa isizibwe na majani. Mabomba yake yamwage maji mbali na ukuta, angalau futi 4 hadi 6. Udongo uteremke kutoka kwenye nyumba, na kipimo kinachotumika kwenye sheria za ujenzi ni inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza. Tazama mashimo yaliyochimbwa nje ya madirisha ya besimenti. Tazama pampu ya shimo, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini ya besimenti, kama nyumba inayo, inamwaga wapi: nimeona nyumba ambapo pampu inatupa maji hatua mbili kutoka ukutani, yanazama, yanarudi shimoni, na pampu inafanya kazi usiku kucha kuyazungusha maji yale yale. Ndani, chunguza mashine ya kufulia, tangi la maji moto na mashine ya kulainisha maji. Hii ni kazi isiyo na sifa yoyote, hakuna mgeni atakayekusifia mfereji wa paa, lakini ndiyo inayookoa sakafu.

Kisha kuna maji ya hewani, ambayo watu wetu huyaongeza kwa nia njema. Nyumbani, chumba kikiwa na unyevu tunafungua madirisha. Hapa, Julai, hewa ya nje ni ya joto na imejaa unyevu, na zege ya besimenti bado ni baridi. Hewa hiyo ikiingia na kugusa sakafu, unyevu wake hugeuka kuwa maji juu ya sakafu na kupenya kwenye maungio. Wakati wa joto funga madirisha ya besimenti na uwashe mashine ya kukausha hewa. Unyevu wa ndani ukae kati ya asilimia 30 na 50. Kifaa kidogo cha kupimia hupatikana duka lolote la vifaa, na bei yake ni ya chakula cha mchana.

Ukishamaliza hayo, pima zege. Njia ya bure ni kubandika kipande cha nailoni nzito cha inchi 18 kwa 18 juu ya zege tupu, tepu pande zote nne, na kuiacha saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini ya nailoni au zege imekuwa nyeusi, unyevu upo. Usipokuta kitu, usishangilie, kwa sababu kipimo hiki hukuambia pale tu palipozidi. Kile ninachokiamini ni cha kutoboa. Fundi hutoboa zege hadi asilimia 40 ya unene wake, yaani inchi 1.6 kwa zege ya inchi 4, anaingiza kipimo, anaziba, na kusoma baada ya saa 24. Mwongozo wake, wa shirika la viwango la ASTM, unaitwa F2170. Gundi nyingi za kawaida hukubali unyevu wa asilimia 75 hadi 85 ndani ya zege, na zipo zinazovumilia 90 na kuendelea. Namba imeandikwa kwenye ndoo au kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Isome hiyo kabla ya kusoma bei.

Kabla hujakwangua chochote, simama. Kama nyumba ni ya kabla ya miaka ya 1980 na chini ya vinaili umekuta vigae vya mraba vya inchi 9, au gundi nyeusi kama lami, chukulia kuwa kuna asbestosi, yale madini ya nyuzi nyuzi, mpaka maabara iseme vinginevyo. Usikwangue kukavu, usipige msasa, usipitishe grenda. Asbestosi iliyolala bila kuguswa haina haraka na wewe. Vumbi lake ndilo linaloua, na linaua miaka mingi baadaye, wakati hakuna tena anayeikumbuka ile Jumamosi. Peleka kipande maabara, na majibu yakithibitisha, waite wenye leseni au ifunike kwa njia inayokubalika. Sina neno laini la kusema hapa. Nimewaona vijana wakikwangua gundi nyeusi bila hata barakoa huku watoto wakicheza chumba cha pili, na moyo wangu uliuma.

Jambo la pili la afya ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini na kusababisha saratani ya mapafu. Idara ya afya ya Minnesota inasema nyumba 2 kati ya 5 jimboni zina kiwango cha kuhitaji hatua, ambacho shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekiweka kwenye pikokyuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa. Gesi hii huingia kwa nyufa za zege, na nyufa hizo zinaonekana sakafu ikiwa imebanduliwa. Ziba nyufa sasa, na weka kifaa cha kupima. Kuziba peke yake hakutoshi kiwango kikiwa cha juu. Hapo inatakiwa bomba na feni ya kuvuta gesi kutoka chini ya zege. Mtu anayelala besimenti kila usiku anastahili kipimo hicho.

Haya, tuseme maji yamezuiwa, zege imepimwa ikakubali, na mbao zilizonyanyuka ni chache. Sasa gundi.

Zitoe mbao zote zilizoathirika na moja zaidi kila upande, mpaka ufike zilizoshika kweli kweli. Ziandike namba mgongoni. Kwa uzoefu wangu ubao uliokwisha kujikunja haunyooki ukatulia, kwa hiyo kama una mbao za akiba tumia hizo. Kama huna, chukua kutoka ndani ya kabati la nguo au nyuma ya tangi la maji, na hizo zilizoharibika uzirudishe huko. Kwangua gundi ya zamani mpaka ubaki na alama tu. Gundi mpya juu ya mabonge ya zamani hutengeneza vilima, na vinaili ni nyembamba, kila kilima kitaonekana juu. Kuwa mwangalifu na kemikali za kuondolea gundi: hupenya kwenye zege na kubaki humo, na gundi mpya ikishuka juu yake nayo huyeyuka. Napendelea mkono na skrepa kali.

Mashimo yajazwe kwa plasta ya kusawazisha yenye saruji, siyo ya jasi, kwa sababu jasi ikilowa hulainika. Kisha dondosha matone ya maji juu ya zege. Yakinyonywa ndani ya dakika chache, zege itashika gundi. Yakibaki yamesimama kama shanga, kuna kitu kimeziba uso, na itabidi uparuzwe kwa grenda yenye mfuko wa kunyonya vumbi, nawe ukiwa na barakoa nzuri, maana vumbi la zege nalo lina silika inayoharibu mapafu.

Nunua gundi iliyotajwa na mtengenezaji wa mbao zako. Kuna jamii mbili kubwa na hazipakwi sawa. Ile inayobaki na mnato unaipaka kwa mwiko wa meno madogo, unaiacha mpaka ibadilike kuwa angavu na ukiigusa inanata lakini haihamii kidoleni, ndipo unalaza ubao. Ile inayokauka ikawa ngumu unalaza ikiwa bado mbichi, ndani ya muda ulioandikwa kwenye ndoo. Ukiifanya ya kwanza kama ya pili, mbao zitateleza wiki nzima. Ukiifanya ya pili kama ya kwanza, utapata ile mistari ya mwiko iliyosimama niliyoieleza juu. Maliza kwa rola ya pauni 100, inayokodishwa kwa siku. Mbao zikiwa mbili tatu, rola ndogo ya mkono na vigae vizito vilivyowekwa juu usiku kucha vinatosha.

Supaglu acha. Hukauka ngumu na hupasuka sakafu inapocheza. Gundi nene ya mirija, ile ya kubandikia mbao za ukutani, huacha mgongo chini ya ubao. Sindano ya gundi kwenye kiputo kidogo kilicho katikati ya ubao hufanya kazi, lakini tu kama chini ni pakavu. Na gundi za petroli, zile zenye harufu ya kupasua kichwa, usizifungue kabisa besimenti. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na tangi la maji moto la gesi lina moto unaowaka hapo hapo chini.

Ikiwa kipimo cha zege kimekataa, au nusu ya chumba imenyanyuka, nashauri kuacha kubandika. Unaweza kuweka epoksi ya kuzuia unyevu juu ya zege, lakini zege lazima iparuzwe yote kwanza na kazi hiyo ni ya mafundi wenye mashine. Gharama yake mara nyingi hupita ya sakafu yenyewe. Unaweza kuweka mbao za kufungana zisizohitaji gundi, juu ya nailoni, na hizo huvumilia mvuke wa kawaida, ingawa maji halisi yakiingia yatanaswa chini na kuotesha ukungu bila wewe kujua. Au weka vigae vya kauri, ambavyo havidhuriki na mvuke. Wengi wa wateja wangu kutoka nyumbani huvikataa kwa sababu ya baridi ya miguu, na mimi huwaonyesha mkeka mzito unaoweza kuinuliwa na kuanikwa. Kwa chumba chenye historia ya maji, mimi ningechagua vigae.

Usitegemee bima. Bima nyingi za nyumba hapa hazilipi maji yanayopenya kutoka ardhini, hivyo piga picha za kila hatua kwa faida yako na ya atakayeinunua nyumba. Baada ya kubandika, usirudishe kabati zito wala kitanda kabla ya muda ulioandikwa kwenye ndoo. Mbao zilizobaki zilaze bapa juu ya rafu, zisisimamishwe ukutani zikapinda. Na kwenye boksi lake andika jina la gundi, tarehe, na namba uliyoisoma kwenye zege, kwa kalamu isiyofutika.